Kiti cha Mwakilishi wa Abiria

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye ukuta wa shirika la mabasi ya mji. Kufika saa nne Mheshimiwa alikuwa amelisoma mara tatu. Hakuna aliyewahi kumchagua Mheshimiwa kwa lolote. Mtaani walimpa jina hilo kwa kuwa hakuvua tai hata siku ya kuzibua mtaro. Tangazo lilisema muswada mpya unaleta bodi ya kuwasimamia wakubwa wa shirika, na kiti kimoja ni cha abiria. Wenzake waliona sheria, yeye akaona kiti cha kuuza.

Tumwonee huruma kidogo. Nyumba ya mama yake ilivuja kila chumba, na mvua zilikuwa mlangoni.

Akaenda moja kwa moja kwa Mzee wa Mabati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo unauza nini?"

"Nauza? Nimetumwa! Wakubwa wamekutaja wewe kwa kiti cha abiria."

Mzee akatazama nje. Tangu kituo cha basi kihamishwe kutoka mbele ya duka lake, wateja walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

"Nikikaa humo, kituo kitarudi?"

"Kabla hujamaliza chai ya kikao cha kwanza. Kamati ya uteuzi inaomba mabati thelathini tu, ya kuezekea ofisi yake."

Mzee hakubishana hata kidogo, na hapo ndipo Mheshimiwa alipopaswa kushtuka. Aliomba tu nakala ya muswada, akavaa miwani.

Wiki mbili baadaye mama yake Mheshimiwa alilala pakavu chini ya mabati mapya, na wananchi wakaitwa ukumbini kutoa maoni. Mheshimiwa alisimama ili Mzee aone uzito wake.

"Meneja ana gari!" alinguruma. "Mke wa meneja ana gari! Basi letu liko gereji tangu mwanangu ananyonya!"

Hakuwa na mtoto, lakini ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mzee akanyoosha mkono.

"Muswada unasema abiria wamchague mtu wao papa hapa, kwenye kikao cha maoni. Napendekeza ndugu huyu."

Mikono ikainuka yote. Mama, aliyekaa mstari wa mbele, akapiga vigelegele huku akilia. Karani akamletea Mheshimiwa fomu: taja mali zako na namna ulivyozipata.

Jasho likalowesha tai. Akamvuta Mzee pembeni.

"Mzee wangu, mabati niyaandike vipi?"

"Umenunua kwangu. Risiti hii hapa, nimekuandikia."

"Na nikikataa uteuzi?"

"Mafundi wangu wana ngazi. Kesho wanayashusha kwenye paa la mama yako, na utamweleza mwenyewe."

Mheshimiwa akamtazama mama yake, ambaye sasa alikuwa akimwonyesha kila jirani mwanawe. Akatia sahihi.

"Lakini mzee, kiti si ulikitaka wewe?"

"Nilitaka kituo, mwanangu. Vikao ni saa moja asubuhi, havina posho, na magoti yangu yanauma." Mzee akamnyoosha tai. "Kiti uliniuzia, nami nimekipata. Wewe kazi yako ni kukikalia mpaka kituo kirudi."