Kurasa za Mzee Fadul na Windows Mpya

Jumamosi, 1 Juni 1996

Sikukuu ya Madaraka. Watu wamepumzika. Mimi la! Nimefungua ofisi yetu ya kupiga chapa kwa ufunguo wangu na kujifungia ndani. Mwenye ofisi, Sitelbanat, ambaye sote tunamwita Mama Ramzy, hajui. Atanishukuru.

Sababu ni Derrick. Amefungua chuo cha kompyuta ng'ambo ya barabara, hapa hapa Kawangware 46, kibao chekundu: TUNAFUNZA WINDOWS 95. Jana alisimama mlangoni petu akasema, "Niaje Khamala, bado uko na ile ya kina babu?" Wateja wawili wakacheka. Wateja wangu mwenyewe!

Basi nimepata diski za Windows mpya kwa jamaa wa mjini. Kumi na tatu. Katikati kompyuta ikaniuliza kama niihifadhi Windows ya zamani, nisije nikataka kuirudia. Nikajibu hapana. Nirudi nyuma kutafuta nini?

Saa kumi jioni imewaka. Mawingu kwenye kioo! Nzuri kama kalenda ya benki.

Jumapili, 2 Juni

Kanisani nimemwombea Derrick. Si mema.

Kazi kubwa iliyomo kwenye kompyuta ni maneno ya Mzee Fadul, baba yake Mama Ramzy. Wiki tatu nimekuwa nikienda kwake Makina, Kibera. Yeye anasimulia, mimi naandika kwenye daftari, kesho yake napiga chapa. Baba yake alikuwa askari wa nani, nyumba ilijengwa mwaka gani, nani amezikwa wapi. Kuna mtu ametokea na karatasi akidai kiwanja chao, na wakili anayataka maneno hayo Jumatatu ya tarehe kumi. Ndugu zake wote wa rika lake wamekwisha. Kurasa sitini na nne!

Mama Ramzy alitaka nizichape kwenye karatasi tangu Ijumaa. Nikamwambia asubiri, nitampa herufi ambazo wakili hajawahi kuziona. Madaftari nimempa mke wangu Nasike awashie jiko. Ya nini tena? Kompyuta haisahau.

Jumatatu, 3 Juni

Janga. Kompyuta yetu kumbukumbu yake ni ndogo, na Windows mpya ni nzito. Ukifungua barua moja unaweza kunywa chai, ukaosha kikombe. Printa nayo haiijui kabisa. Nimeiambia ichape barua ya kuomba kazi, ikatoa kurasa tisa za nyota na mabano. Mwenye barua akavuka barabara kwa Derrick.

Mama Ramzy akauliza mashine ina nini. Nikamwambia inazoea.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamua kurudi Windows ya zamani. Kimyakimya, Mama Ramzy akiwa Makina kwa baba yake, maana kifua kinamsumbua Mzee. Lakini njia ya kurudi haipo, kwa sababu nilijibu hapana. Dawa ni moja: kufuta kila kitu na kuanza upya.

Mimi si mjinga. Kwanza nimeziokoa kurasa za Mzee. Kile kipicha chake nilichokiweka mbele ya kioo nimekiburuta hadi kwenye diski. Sekunde mbili! Kurasa sitini na nne! Hapo tu nikaisifu Windows mpya. Nimeiandika diski MZEE FADUL, nikaitia mfuko wa shati.

Kisha nikafuta. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nina hakika!

Jumatano, 5 Juni

Windows ya zamani imerudi. Diski ya nne ilikataa mara tatu, nikaipuliza, ikakubali. Printa inachapa. Derrick alichungulia akacheka, sikumjali.

Nikatia diski ya Mzee.

Ndani kuna kitu kimoja chenye jina la ajabu, kidogo kuliko barua ya mistari miwili. Hakifunguki. Nimejaribu kila njia, ndipo nikaelewa. Nilichokiburuta hakikuwa kurasa. Kilikuwa kibao tu cha kuonyesha kurasa ziliko. Kibao kinaelekeza nyumba, na nyumba nimeibomoa mwenyewe jana.

Nilikimbia nyumbani. Nasike akasema daftari la mwisho lilipika maharagwe ya Jumapili. Akauliza kwani vipi. Nikamwambia yalikuwa matamu.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya. Nimekwenda Makina na daftari jipya. Nikamwambia Mzee kwamba wakili anataka asimulie tena ili alinganishe. Uongo mzuri kabisa.

Nilimkuta amelala, blanketi hadi kidevuni. Alinitazama. "Khamala, si nilikwambia yote?"

Hakukasirika. Alianza upya, kwa baba yake na jeshi. Jina la mama yake alinitajia herufi moja moja, akasubiri niliandike. Kurasa nne. Kisha kikohozi.

"Njoo kesho, mwanangu. Leo kifua kimekataa."

Ijumaa, 7 Juni

Mzee Fadul amefariki alfajiri. Wamemzika baada ya sala ya Ijumaa. Nilisimama nyuma kabisa, kurasa nne mfukoni.

Mama Ramzy alinijia macho yakiwa mekundu. Akasema afadhali maneno ya baba yake yako kwangu, salama. Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia!

Jumamosi, 8 Juni

Ilinipasa kumwambia. Badala yake nimepiga chapa. Kurasa nne za kweli, nyingine kutoka kichwani. Niliposahau, nilibuni. Nimempa Mzee shangazi, Zubeda, mwanamke mkali mwenye kisima. Jioni nilikuwa nampenda Zubeda. Kurasa thelathini na moja, nafasi pana kati ya mistari. Wakili atahesabu?

Jumatatu, 10 Juni

Mama Ramzy alisoma akiwa amesimama, mkoba begani, tayari kwenda kwa wakili. Kurasa nne za mwanzo alitabasamu, akajifuta macho. Ya tano akakwama. Akaniuliza Zubeda ni nani.

Nikasema shangazi ya Mzee.

Akasema babu yake hakuwa na dada. Akafunua mbele, hadi kwenye makaburi. Alisoma polepole. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Nyanya yangu umemzika wapi, Khamala?"

Nikamwambia yote. Diski, kipicha, jiko, maharagwe. Alizitoa zile kurasa nne, akazikunja, akazitia mkobani. Nyingine akaziacha juu ya meza. Akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

Jumatano, 12 Juni

Sina kazi. Nasike hasemi nami ila kunipa chakula.

Nilipita Makina. Nikamwona Mama Ramzy mlangoni kwa bibi mmoja kizee, daftari mapajani, kalamu mkononi. Bibi alikuwa akitikisa kichwa, hakumbuki. Mama Ramzy akanyanyuka, akaenda nyumba inayofuata. Nikageuka kabla hajaniona.

Nimelia kidogo nyuma ya kibanda cha mkaa. Nimeandika hapa ili ijulikane.

Jumatatu, 17 Juni

Mambo yamefunguka! Mchungaji Jeconia wa Kisumu Ndogo ana kompyuta kanisani, msaada kutoka nje. Humo ameweka majina ya waliobatizwa, waliooana na waliofariki tangu kanisa lianze. Vitabu vyenyewe vililowa mvua ya mwaka jana, vikatupwa.

Nimeitazama. Nzee! Aibu kwa kanisa. Nimemweleza kwamba dunia imesonga, na kwamba mtu kama mimi anaweza kuigeuza kwa mchana mmoja tu, bila yeye kujisumbua kuwepo.

Akasitasita. Akauliza kama hakuna hatari yoyote.

Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia, "Mchungaji, usiogope. Mimi kazi hii nina uzoefu nayo."