Herufi Kubwa Zimeshushwa Kasha la Chini

Keighley, Yorkshire
9 Machi 1974

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Natumaini u mzima. Mimi ni Hosea Birtwhistle, mpanga chapa mstaafu, miaka arobaini na mmoja mbele ya makasha mawili ya mbao ya kuwekea herufi za madini ya risasi, moja juu, jingine chini. Naandika kwa heshima, ingawa nina hasira.

Kamusi yenu, ukurasa wa 612, inaeleza kwa nini sisi Waingereza huziita herufi kubwa "za kasha la juu". Maelezo hayana kasoro. Lakini picha! Herufi kubwa zimekaa kasha la chini. Nalalamika hivi:

1. Herufi kubwa zilikaa juu kwa sababu hutumika mara chache. Ndogo ndizo za kila saa, zikawekwa karibu na mkono. Hata mtoto angeelewa, sembuse profesa.

2. Kama zilikaa chini, bega langu hili la kunyoosha mkono juu limeharibikia wapi? Basi daktari naye ni mwongo, na dawa anayonichulia mke wangu Enid ni kazi bure.

3. Percy Tuttle, muuza nyama, anatangaza baani kwamba sikupanga hata herufi moja, nilikuwa mfagiaji tu. Jumamosi iliyopita nilibeba kamusi yenu nikamzibe mdomo. Nikawasomea wanywaji ukurasa mzima kwa sauti, kisha nikaiona picha. Niliondoka bila kofia na bila kumaliza bia. Sijawahi kuaibika hivyo.

4. Leo mmewashusha wakubwa chini. Kesho askofu atavuta kengele mwenyewe, na meya atapanga foleni ya chipsi.

Kwa hiyo nakala zote zikusanywe, picha ichomwe, na mchoraji aletwe kwangu asimame mbele ya makasha mpaka naye bega limuume.

Nisalimie wote ofisini, mchoraji akiwemo. Enid anawasalimu.

Wako katika wino,
Hosea Birtwhistle

Baada ya sahihi: Enid ameingia na chai. "We Hosea! Kitabu kichwa chini miguu juu, nawe unakisoma?" Ni kweli. Herufi za risasi tulizipanga na kuzisoma kichwa chini kila siku. Macho yangu hayaoni tena tofauti. Picha yenu ni sahihi.

Nilikuwa karibu kuichana barua hii Tuttle alipobisha hodi, kaniletea kofia. Kumbe baa nzima walikiona kitabu kilivyogeuka. "Nisamehe, Mzee Hosea," akasema. "Mfagiaji gani angesoma ukurasa mzima hivyo, asikwame hata mara moja?" Nililia, sifichi.

Basi picha iacheni. Mchoraji naye asije. Enid anasema dawa iliyobaki inatosha bega moja tu.