Matanga ya Mwalimu Lusajo

Jumatano, 17 Julai

Nimeamua. Nitamwomba Evaline akubali kuolewa na mimi. Na sitamwomba pale stendi ya Kasulu, makondakta wakiita abiria wa Kakonko. Nitamwomba ndani ya mashua ya tanga, tukishuka mto Malagarasi mpaka unapoingia Ziwa Tanganyika. Upepo, maji, kofia mpya. Nani atakataa?

Evaline ni muuguzi Kibondo. Ana akili, ana subira, na ana mwendo. Nilishamwambia nimekulia majini, Kyela. Ukweli nimekulia Tukuyu, kwenye migomba, na maji niliyoyajua ni ya mvua. Lakini Tukuyu na Kyela ni jirani.

Tatizo moja: hatuwezi kusafiri wawili tu, watu watasema. Basi nimealika kundi zima la watumishi kwenye simu, nikijua Jumamosi kila mtu anafua. Nimeandika: "Ndugu zangu, Jumamosi nina matanga, mto Malagarasi. Naomba tuwe pamoja." Ndivyo anavyoandika mwalimu wa Kiswahili. Mwingine angesema boti ya upepo.

Evaline kajibu wa kwanza: "Pole sana Mwalimu. Nitakuja." Pole! Anajua nimemsubiri kiasi gani.

Majaliwa naye atakuja. Huyu ni bwana mifugo wa Kibondo, na kila siku ana sababu ya kupita wodini kwa Evaline. Hana ng'ombe wa kuchanja?

Alhamisi, 18 Julai

Sijawahi kupendwa hivi. Mkuu wa shule kanipa ruhusa bila kuombwa, kanishika bega, kasema nisiwaze vipindi. Kwa safari ya mashua! Kiongozi wa namna hii apewe wilaya.

Jirani yangu Mama Pelagia kafagia uwanja wangu, kaniletea maharage na mkungu wa ndizi, kisha kaniambia kwa upole, "Ihangane." Kiha changu ni cha kuokoteza, lakini hili liko wazi: safari njema. Nikamjibu kwa furaha, "Ihangane na wewe, mama!" Akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda kuongeza maharage.

Ijumaa, 19 Julai

Hakuna anayefua kesho. Wote wanakuja, na wamekodi kosta. Ujanja wangu umeharibika, ila siwezi kukasirikia watu wenye moyo kama huu. Jioni walimu wamekuja kukaa uwanjani kwangu, kimya, bila hata redio. Nikawaambia ninavyoingoja Jumamosi kwa hamu. Mwalimu Winifrida akasema kila mtu hulia kwa namna yake. Sikumwelewa. Anafundisha fasihi.

Jumamosi, 20 Julai

Nilitangulia alfajiri kumuona nahodha, Mzee Laurent. Shati jeupe, kofia, kila kitu sawa. Kosta ikafika baadaye. Nikasikia nyimbo. Za kanisani, zile za polepole. Wanawake wakashuka, Mama Pelagia akiwa mbele, wamejifunga kanga, na masufuria, na mchele.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Majaliwa. Akanikumbatia huku machozi yanamtoka, akauliza kama mwili umeshapatikana.

Hapo ndipo nilipaswa kuuliza mwili wa nani. Lakini Evaline alikuwa amenishika mkono. Hajawahi kunishika mkono. Nikasema bado. Majaliwa akauliza marehemu ni nani. Nikasema mjomba.

Tukapanda mashua, wenzangu wakidhani tunakwenda kumtafuta. Mzee Laurent akapandisha tanga, likajaa upepo, na mashua ikaondoka bila kelele yoyote. Jamani, ule mto! Maji ya kahawia, matete pande zote mbili, ndege weupe wakiruka juu yetu, na waombolezaji wangu wakiimba kwa sauti nne. Kama ningekuwa na mjomba aliyezama, angefurahi.

Evaline akalitazama tanga. Akaitazama kofia yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama matanga yenyewe ndiyo haya. Mwanamke huyu ana akili kweli! Akasema niwaambie watu kabla hatujafika ziwani, la sivyo atawaambia yeye. Akanieleza pia kwamba ihangane ni neno la kumpa pole mfiwa. Nikayakumbuka maharage, nikaona aibu.

Nikasimama niseme kwa heshima. Upepo ukageuza tanga, mti wake ukanipiga begani, na mimi wa Kyela nikaingia majini kama gunia. Majaliwa akajirusha na viatu vyake, akanivuta kwa kola kama ndama. Niseme kweli, ana mikono ya kazi, na moyo mzuri pia. Nikatema maji, nikasema yote.

Kisha Mama Pelagia akaanza kucheka mpaka akashikilia ukingo wa mashua, na wengine wakafuata.

Ziwani tukapika chakula chote cha msiba pale mchangani. Maji ya buluu mpaka milima ya Kongo. Nikamuomba Evaline palepale, nguo zikichuruzika. Hakusema hapana. Alisema niende Manyovu kwa baba yake, na niongee naye moja kwa moja, kama watu wanavyoongea, niache Kiswahili cha vitabuni.

Jumatatu, 22 Julai

Nimebadilika. Sasa ni Kiswahili cha mtaani tu.

Baba yake Evaline, Mzee Ininahazwe, ana duka la vyombo Manyovu: ndoo, masufuria, majiko. Hanijui bado. Nimemwandikia: "Shikamoo mzee. Mimi ni Mwalimu Lusajo wa Kasulu. Jumamosi nakuja kwako kuchukua jiko." Fupi na wazi. Mtu akioa, si tunasema kapata jiko?

Kajibu papo hapo: "Marahaba Mwalimu, karibu sana. Yapo makubwa na madogo. Ukichukua mawili nakupunguzia."

Mzee ana roho nzuri ajabu. Evaline hakuwahi kuniambia ana wadogo zake. Nimemjibu kwa heshima kwamba moja linanitosha, lile kubwa, na dogo amwekee Majaliwa.