Ratiba ya Kunyonya, Mtaa wa Kianda

"Kuanzia leo, mtoto yeyote mchanga atanyonya asubuhi, adhuhuri na jioni, kama raia mwingine yeyote mwenye nidhamu!"

Ndivyo alivyotangaza Bwana Munyao, mwenyekiti wa Kamati ya Utulivu, Januari ile ya 2008 Kibera ikifuka moshi baada ya uchaguzi. Moshi ulikuwa nje ya mamlaka yake. Kilio cha watoto, kwa bahati nzuri, kilikuwa ndani, na mkutano wa amani haungeendelea mtu akipaza sauti bila ruhusa ya kiti.

Mkosaji alikuwa Brandon, wa wiki tatu, aliyefungwa leso kifuani pa mamake, Marion, mpishi wa chai ya kamati.

"Si amenyonya asubuhi?" Munyao aliuliza.

"Mzee, tumbo yake ni kadogo kama ngumi yake. Akiskia njaa ananyonya, hata usiku."

"Mama Brandon, usituletee siasa."

Marion akarudi kwenye sufuria ya chai bila kumnyonyesha. Kibanda chake kilikuwa kimeteketea pamoja na Soko la Toi, na kazi nyingine hakuwa nayo. Brandon akalia mpaka sauti ikakauka. Kusikia ile sauti inakwaruza, Marion akaona hofu yote imemtoka.

Vijana nao walikuwa wamefunga barabara kwa mawe. Hakuna aliyeweza kutoka, na duka lililo wazi halikuwepo. Kabla ya saa nne tumbo la mwenyekiti likaomba nafasi ya kuchangia.

"Marion, lete chai na mandazi."

"Adhuhuri, mzee. Si mlikunywa asubuhi?"

"Lakini tuna njaa sasa hivi!"

"Raia mwenye nidhamu anangoja."

Mweka hazina, Wangila, akalaza kichwa mezani na kuanza kulalama. Wajumbe wengine wakamfuata, kila mmoja kwa sauti yake. Munyao alijikaza kiume, kisha harufu ya mandazi ikampitia puani.

"Ratiba imerekebishwa!" akafoka. "Mwenye njaa ahudumiwe kila aonapo njaa, mchana na usiku!"

Mikono yote ikainuka, mingine miwili miwili.

Marion akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti, kwa kuwa ndicho pekee chenye mto, akamfungua Brandon na kumnyonyesha.

"Na chai?" Munyao akauliza kwa unyonge.

"Inakuja, mzee. Huyu ndiye alianza kulia."

Brandon akamaliza titi la kwanza bila haraka, akahamia la pili. Wajumbe wakamtazama wakimeza mate, na kwa mara ya kwanza tangu iundwe, Kamati ya Utulivu ikatulia.