Radhi za Kwenda kwa Daktari wa Meno

Jamani, leo sina pa kuuweka uso.

Mwanijua: fundi cherehani wa hapa Mambrui, mgonjwa wa sukari mwaka wa tatu huu. Wiki iliyopita nesi wa kliniki ya sukari kule Malindi aliniona nikitema damu. Ni fizi. Akaniandikia karatasi: Jumatano, kwa daktari wa meno.

Hofu ikanishika, wala si ya mchezo. Ami yangu alikuwa na sukari kama mimi. Alikwenda kung'olewa jino, kidonda hakikupona, tukamzika. Na hapa kwetu daktari wa meno tunamjua kwa koleo tu. (Nani amewahi kumwendea na meno yasiyouma?) Siku tatu sikupata usingizi. Kila nikipapasa fizi, namwona ami.

Basi leo asubuhi nikafanya kama mtu anayejua harudi. Nikaenda kwa jirani kutaka radhi.

"Shikamoo, Bi Riziki. Naenda kwa daktari wa meno. Nihalalishie."

"Marahaba. Nikuhalalishie nini, mwanangu?"

"Ile sahani ya halua, ya harusi ya bintiyo. Hakuila paka. Niliila mimi."

Bi Riziki akashika kiuno. Paka wake yule alitiwa guniani akapelekwa kutupwa Ngomeni kwa kosa la wizi!

"Halua?" Ni sauti ya mke wangu, Mwanajuma, nyuma yangu. "Na sukari yako hiyo?"

(Nikaona heri nimalize yote, nife mwepesi.) Nikamtajia na kaimati za shira ninazokula dukani kila alasiri. Akalia.

"Nimekusamehe," akasema. "Ukirudi tutazungumza."

Kule kliniki, nikakalishwa kwenye kiti kinacholala. Nikaking'ang'ania hadi kikaanza kulia. Daktari, kijana wa bara, akanitia chuma kinywani. Basi! Nikapiga shahada kwa sauti yangu yote. Nje, benchi zima likaitikia: "Inna lillahi!"

Daktari akaruka nyuma. "Mzee, hiki ni kioo tu!"

"Hung'oi?"

"Ning'oe nini? Nakusafisha. Fizi zimeanza kuharibika, lakini umekuja mapema. Mwenye sukari ndiye anayefaa kuja kabla jino halijauma."

Nikamweleza habari za ami. Akakiweka chini kile chuma.

"Huyo alichelewa kuletwa," akasema polepole.

Hapo machozi yakanitoka, wala sikuona haya. Kumbe miaka yote tuliogopa mlango ambao ungemwokoa. Akanisafisha. Iliuma kidogo, damu ikatoka, ikakatika.

Nilipotoka, benchi lote likanitazama. Bibi mmoja akauliza, "Si huyu ndiye marehemu?" Sikumjibu. Nilipita mbio.

Kabla ya adhuhuri niko nyumbani, mzima, meno yanang'aa. Mlangoni wameketi wawili: Mwanajuma na Bi Riziki. Hawakunipa hata pole. Bi Riziki akanyoosha mkono, akanikabidhi gunia tupu.

"Kesho, Ngomeni," akasema. "Na umtake radhi."

Mwanajuma naye keshapita maduka yote: kaimati nimepigwa marufuku mji mzima. Msinicheke, jamani. Daktari kaniambia nirudi baada ya miezi sita, na wallahi nitarudi. Ila safari hiyo sitamtaka radhi mtu yeyote.