Mgombea Asiyepita Getini

Jumatatu, 4 Agosti

Niwie radhi, shajara. Tangu Ramadhani sijakuandikia hata mstari. Nilikuwa nastaafu ukocha wa timu ya chuo pale Doornfontein, na kustaafu kuna kazi nyingi. Sasa mimi ni mwanasiasa. Jumapili nagombea uenyekiti wa Umoja wa Waswahili wa La Rochelle, mtaa wetu huku kusini mwa Afrika.

Ushindi ulikuwa mfukoni. Kisha ikasambaa video: vijana wa timu wanaruka ukuta kuingia uwanjani, na geti liko wazi! Wakongo wanasema uchawi. Watanzania wenzangu wanasema shirki. Mchungaji na shehe wa mtaa hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Wamekubaliana juu ya hili!

Bahati mbaya, amri ya ukuta niliitoa mimi. Getini mpinzani huzika vitu. Yeyote aliyecheza mpira Tanga anajua.

Nimeazimia: timu hiyo siijui.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetangaza dukani kwa Mwatumu, mbele ya wateja, kwamba chuoni nilikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo tu. Mwatumu ni Mzanzibari, anauza mchele na mboga, na ndiye mpinzani wangu. Akaniuliza kwa upole kama zile ndimu nilizokuwa nikinunua kwake kabla ya kila mechi zilikuwa za kachumbari. Wateja wakacheka. Nikajibu kuwa siasa ni sera. Nikasahau kutaja sera.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeuagiza mtaa mzima uniite Mheshimiwa. Mke wangu Zuhura kasema chai aliyopika ni ya Kocha. Huyo Mheshimiwa hamjui, na yeye hakaribishi wanaume asiowajua. Nikanywa kama Kocha.

Nimeacha pia koti la mazoezi. Suti ni nyembamba. Baridi ya huku haina adabu kwa wagombea.

Jioni akaja Lambert, nahodha, kijana wa Lubumbashi. Keshokutwa ni nusu fainali, wapite wapi? Nikamwambia kwa ukali kwamba simjui, na timu yake siijui. Akasema sharp, yaani sawa, Papa Kocha, ila ukuta upi?

Nikamwambia wa mashariki.

Jumamosi, 9 Agosti

Wameshinda! Nimeshangilia chooni, mlango nimeufunga, taulo mdomoni.

Kisha Lambert akahojiwa kwenye simu ya mtu. Akanishukuru kwa jina, kwa ukoo na kwa ukuta. Eish! Nimetoa tamko la kukanusha. Zuhura kauliza inakuwaje nimkane kijana aliyekula wali kwenye meza hii. Nikamwambia hiyo ndiyo sera.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya uchaguzi. Nilifika ukumbini mapema. Geti wazi. Lakini namwona nani? Mwatumu, ufagio mkononi, anafagia getini! Mgombea afagie geti lisilo lake? Nimeona mageti mengi maishani. Nikazunguka nyuma.

Ukuta ulikuwa mfupi. Suruali ya suti haikuwa na subira. Ikanasa kwenye chuma, nami nikaning'inia, nusu ndani, nusu nje, mchungaji akinitazama upande huu na shehe upande ule. Lambert na wenzake wakaja mbio. Akapiga kelele: "Papa Kocha, mguu wa kushoto kwanza! Si ulitufundisha mwenyewe?" Simu zote juu. Mwatumu akaleta kiti. Akasema pole sana, mwalimu wa viungo, nyoosha goti.

Mwatumu ndiye mwenyekiti. Walionipigia kura ni Lambert na wale wenzake wanaozungumza Kiswahili. Walewale nisiowajua. Zuhura hasemi alimpigia nani.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari sana. Funzo liko wazi: ule ulikuwa ukuta wa kusini. Kosa kubwa.

Nimekata rufaa kwa sababu geti lilifagiwa. Kamati itakutana Ijumaa, palepale ukumbini. Lambert kaja kunisihi nikae benchi siku ya fainali. Nimemjibu kwamba mwanasiasa mwenye rufaa hana timu. Hata hivyo, nimemwomba aje Ijumaa na vijana wawili wenye mabega, wanipandishe ukuta wa magharibi. Kakubali. Nitavaa suruali ya mazoezi.

Kamati ikishaamua, nitakuandikia. Ikinikataa, bado kuna ukuta wa kaskazini.