Ukurasa Wangu una Kasi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kaamka na jambo. Kliniki ya macho inataka ukurasa wa kuweka miadi, na sisi tuamue tuujenge kwa maktaba ipi ya JavaScript. Maktaba, yaani kazi ambayo wengine wameshaiandika ili sisi tusijichoshe. Mimi na Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, kila mmoja achague yake, atengeneze ukurasa wa mfano, Ijumaa tulinganishe. Mshindi ndiye mkuu wa kitengo cha tovuti.

Mkuu! Mama nilishamwambia tangu mwezi jana kwamba cheo ni changu, naye kawaambia shangazi wote. Sina pa kurudi.

Miwani kachagua ile kongwe. Mimi nimechukua iliyotoka juzijuzi. Siijui, lakini nembo yake inang'aa.

Jumanne, 4 Machi
Nimechora jedwali la kulinganisha. Kasi, uzito, urahisi wa kujifunza. Ya Miwani ikaongoza kote. Nikaongeza safu: uzuri wa nembo, upya, mustakabali. Sasa naongoza kwa alama nne. Bosi kauliza mustakabali unapimwaje. Nikamjibu, kwa uzoefu. Akaguna, akasema jedwali liwekwe kando, kila mmoja alete watu watano wasiojua kompyuta, wajaribu kurasa zote mbili. Kliniki imetenga nafasi kumi za kweli za Alhamisi kwa watakaojaribu.

Wasiojua kompyuta! Ukoo wangu mzima.

Jumatano, 5 Machi
Tatizo dogo. Fomu yangu inapendeza, ila sehemu ya kupeleka majina kliniki imenishinda. Nimesoma maelezo asubuhi nzima, sikuambulia kitu. Mwishowe nimeweka tu maneno yatokee mtu akibonyeza: "Asante, miadi yako imepokelewa." Ni mfano tu, nani atakagua? Na ukurasa umekuwa na kasi ya ajabu. Hauna unachosubiri.

Nimewatumia kurasa zote mbili Mama, mjomba na shangazi watatu. Mama kapiga simu anacheka. Eti wangu kabonyeza tu, hapo hapo ukajibu. Wa mwenzangu ulizungukazunguka, akauacha. Kichwa kimenivimba.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Saa tatu Mama yuko kliniki, kavaa gauni lake la kutokea, shangazi mkubwa kamshika mkono kwa sababu jicho la kulia lina ukungu tangu mwaka jana. Karani wa mapokezi kamwambia jina lake halimo. Mama akasema haiwezekani, mwanawe ndiye mkuu wa tovuti, akamwonyesha na simu: miadi imepokelewa. Karani akapiga ofisini kwetu. Akapokea Miwani.

Nikainama kufunga kamba za viatu. Vyangu havina kamba.

Miwani hakupandisha sauti. Kauliza jina kamili la Mama, kaliingiza kwa ukurasa wake. Ukazungukazunguka. Likaingia. Mama kaonwa saa sita, baada ya saa tatu nzima kwenye benchi. Ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji wiki ijayo. Nimeona aibu, nisijidanganye.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa kitengo ni Miwani. Bosi alisoma maoni ya wajaribu. Watu wangu watano wote wameusifu ukurasa wangu. Hata Mama! Kaandika kwamba wa mwanawe hauchelewi, na watu wa kliniki ndio waliopoteza jina. Bosi kanitazama, kaniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia maktaba ile bado changa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekaa, nimejitafakari kwa dhati. Kosa ni la maktaba. Bahati nzuri leo asubuhi imetoka nyingine, nembo yake ina rangi tatu. Hadi adhuhuri fomu ilikuwa tayari. Inajibu kabla hujainua kidole! Miwani ataona. Ile sehemu ya kupeleka majina nitaimalizia baadaye.

Nimeshamtumia Mama, aweke miadi ya jicho la kushoto.